Mama Alipopanda Mashua Yetu

Usiku ule nililala na simu chini ya mto, nimeizima. Niliizima kwa sababu sikutaka mdogo wangu Zuhura anipigie tena kabla sijapata jibu la kumpa, na jibu sikuwa nalo.

Nieleze kwanza ni jibu la nini, maana bila hilo ndoto niliyoiota usiku huo haina kichwa wala miguu.

Zuhura ndiye kitinda mimba wetu, anayemfuata ndugu yetu Athumani. Ameolewa Malindi, na mimba yake ya kwanza ilikuwa imefika siku zake. Kwetu mwanamke akijifungua mara ya kwanza, mamake humkalia siku arobaini. Humkanda kwa maji moto, humfunga mkaja ili tumbo lirudi, humpikia uji, na usiku mtoto akilia huamka yeye ili mzazi apate kulala. Mama yetu alikwishakufa, na Baba pia. Kwa hiyo Zuhura aliniambia mimi, dada yake mkubwa.

"Siku arobaini si nyingi, Dada," alisema jioni ile. "Mama mkwe miguu haimsaidii, hawezi kuinama. Mimi sina mtu mwingine wa kunikanda."

"Nitakuja asubuhi, nirudi jioni."

"Kutoka Kilifi mpaka Malindi, kila siku ya Mungu? Na usiku nani atamshika mtoto?"

Nikajifuta grisi mikononi.

"Mashuani kuna Athumani," alisema. "Ana miaka ishirini na minne sasa. Ana ndevu."

"Ndevu hazizuii maji."

Nilidhani atacheka. Hakucheka. "Basi niambie tu kama huji," alisema, "nijue niko peke yangu." Akakata simu.

Mimi silali nchi kavu. Tangu Baba afe sijalala nchi kavu hata usiku mmoja, na hiyo ni miaka kumi na moja.

Mashua yetu si ya uvuvi. Ni yoti ya tanga, ya zile ambazo watu huishi ndani yake kama nyumba na kwenda nayo nchi za mbali. Ina vitanda vinne, jiko la gesi linaloning'inia ili sufuria isimwagike chombo kikiyumba, choo cha kupampu kwa mkono na mlingoti mmoja mrefu. Waliokuja nayo ni mume na mke, wageni wazee. Walitia nanga katika mkono wa bahari wa Kilifi, wakampa Baba kazi ya kuilinda, kisha wakasafiri kwa ndege kwenda kutibiwa. Baada ya miaka waliandika barua kwamba hawataweza kurudi, na mashua ni ya Baba. Baba akawa anachukua wageni siku mbili tatu kwenda visiwani na kurudi. Mimi niliacha shule darasa la sita, alipoanza kuumwa kifua, kwa sababu lazima awepo mtu wa kumshikia tochi akiingia chini ya injini.

Alipokuwa hospitalini, siku ambayo hakuna aliyejua kwamba ni ya mwisho, aliniambia mambo mawili. "Saumu, kila kitu kilicho chini ya maji kipake rangi kila mwaka." Akapumua kwa muda mrefu. "Na mashua isilale peke yake."

Hilo la pili kila anayeishi chomboni analijua. Mashua iliyotia nanga bila mtu ndani inaweza kuchomokwa na mpira mmoja wa bomba usiku, na kukicha ukakuta ncha ya mlingoti tu imesimama majini. Nami niliyashika yote mawili kama nilivyoambiwa.

La kwanza lilinitia aibu. Nyuma kabisa, kwenye shafti ya injini karibu na rafadha inayosukuma mashua, hufungwa kipande cha zinki. Kazi ya kipande hicho ni kuliwa. Maji ya chumvi hukila hicho badala ya kula shafti na rafadha, na kikibaki nusu hubadilishwa. Mimi sikujua. Nilikiona kimetobokatoboka, kinatia mashua aibu, nikakipiga msasa na kukipaka rangi mara mbili, vizuri sana. Nilifanya hivyo miaka mitatu. Siku fundi wa injini alipopiga mbizi kuangalia, alitoka majini anacheka mpaka akameza maji. "Nani amekivisha hiki kanzu?" akauliza. Zinki ilikuwa nzima chini ya rangi yake. Rafadha ilikuwa imeliwa, laini kama biskuti. Nikamwambia tu kwamba Baba alisema kila kitu.

La pili sijawahi kumsimulia mtu.

Mama alitoka Kaloleni, kwenye minazi, na aliogopa maji mpaka siku yake ya mwisho. Hakuwahi kupanda mashua yetu. Baba alipokufa, Mama alibaki kwenye chumba cha kupanga Mnarani pamoja na Athumani na Zuhura, mimi nikibaki chomboni. Mchana nilikwenda kwao, nikapika, nikafua. Jioni nilirudi kwa kidau changu cha makasia. Baada ya miaka miwili Mama akaugua. Jioni moja akaniambia, "Leo lala hapa." Nikamjibu, "Mashua, Mama." Kesho yake akasema tena, nikajibu vilevile. Siku ya tatu hakusema, alinitazama tu nikitafuta ndala zangu mlangoni. Asubuhi ya nne nilikuwa napampu maji yaliyovuja usiku nilipomwona Athumani amesimama ufukweni. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Hakuniita wala hakupunga mkono. Alisimama tu, nami nikajua.

Zuhura hajawahi kunilaumu. Ndiyo maana simu yake ilinishinda.

Basi nilipampu kabla ya kulala, kama kawaida yangu. Mashua yetu huvuja kidogo pale shafti inapotokea, na kila asubuhi na kila jioni navuta pampu nikihesabu. Mivuto thelathini ni afya. Ikifika hamsini natafuta tochi. Athumani alikuwa anakoroma chumba cha mbele. Yeye hulala kama gogo. Mwaka juzi mpira wa sinki ulichomoka, na kilichomwamsha ni godoro lake kulowa mpaka mgongoni. Nikalala kwenye kitanda changu cha nyuma, unyayo wangu umegusa ubavu wa mashua, kwa sababu maji yakiingia mguu hujua kabla ya sikio.

Kilichofuata nakisimulia kilivyokuja, ingawa hakikuja sawasawa.

Nilikuwa nimesimama juu ya sitaha na jua lilikuwa la saa sita mchana. Nguo zilikuwa zimeanikwa kwenye kamba za ukingoni, na zote zilikuwa za watoto. Nilitazama chini nikaona hakuna maji. Nilifikiri ni bamvu, zile siku za mwezi maji yanapokwenda mbali kabisa na sisi huiegemeza mashua kwenye nguzo ili tukwangue chaza na tupake rangi kabla maji hayajarudi. Lakini hapakuwa na nguzo. Mashua ilikuwa imesimama wima juu ya mchanga, yenyewe, jambo ambalo haliwezekani. Na maji hayakuwa yamekwenda mbali. Hayakuwepo. Mkono mzima wa bahari ulikuwa mchanga mkavu, wenye nyayo nyingi za watu waliopita, mpaka upande wa pili.

Nilijua kuna mtu anakuja kukagua, na nilijua ni Baba. Nilikuwa nimepanga vitu vyote avione: spana kwa ukubwa wake, kamba zimekunjwa, mikebe ya rangi imefungwa vizuri, daftari la pampu limefunguliwa ukurasa wa leo. Nilikuwa na furaha na pia nilikuwa na woga, kama mwanafunzi, ingawa nilikuwa mtu mzima na mikono yangu ilikuwa hii hii yenye grisi. Nikasikia ndala zinakuja juu ya mchanga, pa, pa, pa. Nikainama ukingoni nikasema, "Karibu, Baba."

Aliyeinua uso alikuwa Mama.

Amevaa buibui lake la zamani, lile lililochanika mkononi nikalishona mimi. Ndala amezivua sasa, amezishika, kama mtu aliyevuka matope. Nasema, "Shikamoo, Mama." Haitikii. Ananyoosha mkono juu.

"Nipokee," anasema.

Nampokea. Mkono wake ni mkavu na una joto, na uzito wake ni uleule wa siku ambazo nilimwinua kitandani nimbadilishie shuka. Anapanda kwa mguu wa kulia. Nangojea aogope. Nimejiandaa kabisa kumshika, maana Mama hata kwenye kivuko alikuwa akifumba macho. Haogopi. Anatembea juu ya sitaha kana kwamba ni ua wa nyumba yake, anagusa nguo za watoto kuona kama zimekauka, anazigeuza upande wa pili.

"Baba yuko wapi?" nauliza.

Ananitazama kama nimeulizia mtu wa mtaa mwingine.

Halafu tuko chini, ndani, sijui tuliteremka saa ngapi. Mlangoni kuna boriti fupi ambayo kila mgeni hugonga kichwa mara ya kwanza. Mama anainama mapema, haigusi. Anajua mchele unakaa wapi. Anafungua kopo, ananusa, anafunga. Anasimamisha godoro langu kwa ubavu lipate hewa lisishike ukungu, kama nifanyavyo mimi kila Ijumaa. Nani amemwambia? Namfuata nyuma, nataka kumweleza kila kitu, kwamba huu ni mfereji wa maji matamu unaokanyagwa kwa mguu ili tusimwage, kwamba wali tunaupikia nusu maji ya bahari tuokoe ya mtungi. Mdomo wangu unafunguka lakini yanayotoka ni majina ya wageni niliowahi kuwabeba, mmoja baada ya mwingine, na wengine siwajui.

Anafika katikati ya chumba, anachuchumaa, anaingiza kidole kwenye tundu la ubao wa sakafu. Chini ya ubao ule ni uvungu wa mashua, ambako maji machafu hukusanyika. Nashikwa na aibu. Nataka kumwambia, Mama, si hapo, sijasafisha. Anaufungua.

Chini hakuna maji. Chini kuna chumba cha Mnarani.

Nakiona kutoka juu, kama mtu aliyetoboa paa. Kile kitanda cha kamba, chandarua kilichofungwa fundo, jagi la plastiki la kijani, kalenda ya duka ukutani. Kitandani kuna mtu amelala amejifunika kanga mpaka usoni. Naangalia tumbo lake. Mara ni tumbo la mgonjwa, limebonyea. Mara ni tumbo la mwenye mimba, limejaa, na kanga inapanda na kushuka. Nasema ni Mama. Lakini Mama yuko hapa, kando yangu, bega lake limegusa langu, naye anatazama. Basi ni Zuhura. Lakini Zuhura yuko Malindi, na chumba hiki kilishavunjwa, wamejenga duka la mbao. Nataka ajifunue nimjue. Hajifunui.

Mama ananigeukia.

"Hapa ndipo ulipokuwa?" anauliza.

Sielewi. Sijui kama anamaanisha pale chini au hapa juu. Hasemi kwa hasira. Anasema kama mtu aliyeelekezwa nyumba vibaya kwa miaka mingi, akazunguka, akauliza, na leo ndiyo kaipata.

"Nilikuwa hapa," namjibu. "Nilikuwa napampu."

Anatikisa kichwa taratibu, na siwezi kusema kama ni kukubali au ni nini. Anarudisha ubao mahali pake. Anaupigapiga kwa kiganja mpaka ukae sawa.

Halafu tuko nje, chini ya mashua, kwenye mchanga. Jua ni lilelile, halijasogea. Mama amechuchumaa nyuma kabisa kwenye shafti, pindo la buibui amelikusanya magotini. Kipande cha zinki kipo, nacho kimepakwa rangi, nyeupe safi, rangi yangu. Nilishaacha kukipaka. Nina hakika niliacha, fundi alinionyesha, nilibadilisha mimi mwenyewe. Mbona kimepakwa tena? Nageuka kutafuta aliyekipaka, na brashi iko mkononi mwangu, mbichi.

Mama anakwangua rangi kwa ukucha wa kidole gumba. Inatoka kama ganda la yai.

"Babako alikwambia upake hata hii?"

"Alisema kila kitu."

Anaendelea kukwangua. Nasikia ukucha unavyolia.

"Alikuwa mgonjwa," anasema. "Alisema maneno aliyoyaweza."

Hapo nikakasirika. Sikumbuki kumkasirikia Mama maishani, na alipokuwa hai nisingethubutu, lakini katika ndoto nilimsimamia na brashi yangu nikasema kwa sauti kubwa kwamba nani basi angekaa, nani angepampu, wao walikula kutokana na nini, ada ya Athumani ilitoka wapi, harusi ya Zuhura ilitoka wapi kama si mashua hii kuelea. Nilisema mengi. Maneno yalikuwa ya kweli, lakini kila nilipomaliza moja nilisahau lililotangulia. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuyakanusha. Alipuliza vumbi la rangi juu ya zinki, puh, akajifuta kidole kwenye mchanga.

Ndipo maji yakaanza kurudi.

Yanakuja bila sauti. Kwanza mchanga unakuwa mweusi, kisha nyayo zinajaa moja moja. Yako kwenye vifundo vya miguu yangu. Najua kazi ya bamvu: maji yakigeuka, unakusanya vyombo unapanda, huna muda wa kujadiliana nayo. Natafuta ngazi. Ngazi haipo. Ilikuwa hapa. Nyuma yangu, kwenye mikoko, naisikia sauti ya Zuhura ananiita. Ni Zuhura wa darasa la kwanza, na sare yake ya buluu imemzidi, ile niliyomkunjia pindo mara tatu ili ivaliwe miaka mitatu. Analia, anasema, "Dada, nimechoka kusimama." Nageuka kumwendea, na mashua inaanza kuyumba, inainuka, haina mtu ndani. Nageuka kwenye mashua, na sauti ya Zuhura inakuwa ya mtu mzima, inapungua, hainiiti tena, inahesabu tu, kama mtu anayebana maumivu.

Sikuamua. Hilo ndilo linalonisumbua hata sasa. Nilitaka kuamua na sikuamua, na bila kujua nimepanda vipi nikajikuta ndani, nimepiga magoti kwenye pampu, navuta. Moja, mbili, tatu. Nikafika thelathini. Ya thelathini na moja nayo ikawa thelathini. Inayofuata thelathini. Nikavuta mpaka mabega yakawaka moto, na kila mvuto ulikuwa thelathini, na sikuweza kujua kama maji yamepungua au yamejaa, kwa sababu nambari haikuwa inasema kitu.

Mkono wa Mama ukashuka juu ya mkono wangu. Akaanza kunibandua vidole kutoka kwenye mpini, kimoja kimoja, kuanzia kidogo, kama alivyokuwa akinibandua nilipokuwa mdogo nikalala na kipande cha muwa. Nilikuwa nimekaza sana. Hakutumia nguvu. Alipomaliza alinisogeza kwa bega, akakaa yeye mahali pangu. Akafunga kanga kiunoni. Akaweka ndala kando, akanyoosha mguu wake mwembamba, akaweka unyayo kwenye ubavu wa mashua, pale pale ninapoweka mimi.

"Mama, hukuwahi kulala humu," nikamwambia.

"Na wewe hukuwahi kulala kwangu."

Nilitamani sakafu inimeze. Nilingoja aendelee, nilitaka aendelee, anitukane, amalize. Miaka tisa nilikuwa nikingoja aliseme. Lakini uso wake haukuwa na lawama. Ulikuwa uso wa mtu aliyetandikiwa kitanda na sasa anataka wengine watoke azime taa.

"Basi tubadilishane," akasema. "Shuka, Saumu. Leo zamu yangu."

Nilitaka kumwuliza: nishukie wapi, kwa kina gani, na nani atakuamsha ukisinzia. Nilitaka kumwuliza kama amenisamehe, au kama huo ndio msamaha wenyewe. Alikuwa ameshageuka upande. Alikuwa anasikiliza maji.

Nikashusha mguu ukingoni, na chini ya mguu hapakuwa na maji wala mchanga. Nikaamka.

Pampu ilikuwa inavutwa.

Nilikaa kitandani, kanga imenizunguka shingoni, nasikia pampu inavutwa kwa mpigo mmoja mmoja, na kwa muda ambao siwezi kuupima niliamini kabisa ni yeye. Kisha mtu akakohoa, kikohozi cha sigara, nikajua si Mama. Ni Athumani, kifua wazi, nywele zimesimama, mwanga wa alfajiri ukiingia nyuma yake kwa tundu la sitaha.

"Umeamka mwenyewe?" nikamwuliza.

"Nimeamshwa. Ulikuwa unahesabu usingizini. Thelathini, thelathini, thelathini, kama redio iliyoharibika. Nikaona nije nivute pengine utanyamaza."

"Umevuta mingapi?"

"Thelathini na miwili."

"Umehesabu sawa?"

"Dada, nimesoma ufundi miaka miwili. Nadhani thelathini na mbili naifikia."

Nikataka kumwambia aandike kwenye daftari. Kalamu tayari ilikuwa sikioni mwake. Alikuwa ameandika.

Nilikaa pale nikitazama ile pampu, mpini wake mweusi unaong'aa kwa mikono yangu. Sikuwa na uhakika wa chochote. Sikujua kwa nini Baba hakuja, yeye mwenye mashua, akaja aliyeiogopa. Sikujua kama ni Mama kweli au ni dhamiri yangu imevaa buibui lake. Kuna watu wa kuuliza mambo hayo na wangenipa majibu, lakini sikutaka jibu la mtu ambaye hakuwepo. Nilijua kitu kimoja tu, kwamba niliambiwa nishuke, na niliambiwa na mwenye haki ya kuniambia.

"Athumani," nikasema. "Ule mpira wa sinki."

"Nimeufunga klipu mbili. Uliona mwenyewe."

"Na zile valvu tatu za chini, usiku..."

"Zinafungwa. Na kizibo cha mti kimening'inizwa kwa kila moja. Na gesi inafungwa kwenye mtungi, si kwenye jiko tu." Alikuwa amekaa kwenye ngazi, ananitazama kwa makini sasa, si kwa mzaha. "Unakwenda kwa Zuhura."

"Bado sijasema."

"Unaniambia vitu ninavyovijua. Ukiwa unabaki huniambii, unavifanya mwenyewe."

Nikaanza kukunja shuka langu. Nilimpa mgongo. "Hutakuwa peke yako," nikamwambia.

"Nani mwingine atakuwepo?"

Niliugusa mpini wa pampu. Akasema taratibu, "Dada, usinitie hofu asubuhi asubuhi," na akapanda juu kwenda kutoa maji ya mvua kwenye kidau.

Niliwasha simu. Ujumbe ulikuwa mmoja, wa mume wake Zuhura, wa alfajiri ile: maumivu yameanza kidogo kidogo, bado wako nyumbani, mkunga amesema kuna muda. Nikapiga. Alipokea Zuhura mwenyewe, na kwanza sikusikia neno, nilisikia pumzi tu, ndefu, iliyobanwa, kisha ikaachiwa.

"Unakuja au huji?" akauliza.

"Nakuja."

"Mchana halafu urudi."

"Nakuja kulala," nikamwambia.

Nikamsikia anageuza uso na kumwambia mtu humo ndani, kwa sauti niliyoijua tangu akiwa na sare ya buluu, "Tandikeni kitanda cha pili."